Barua za Watazamaji: Wolf Hall na Mwendo wa Kobe

Toleo lililopita niliwashauri mtafute Wolf Hall, tamthilia ya BBC ya sehemu sita iliyoanza kuonyeshwa Uingereza Januari 2015. Inasimulia jinsi Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi wa Putney, alivyopanda mpaka akawa mkono wa kulia wa Mfalme Henry wa Nane. Msimu wa pili ulitoka Novemba 2024. Barua zimekuja nyingi, na zaidi ya nusu zinanilaumu. Nimechagua tano.

Dada, salaam. Mwanangu alikuja likizo na DVD za hiyo Wolf Hall uliyoisifu. Tukakaa sebuleni mimi, mume wangu na wifi yangu. Nusu saa ya kwanza watu wanaongea. Nusu saa ya pili watu wanaongea gizani. Mume wangu aliinuka mara mbili kuangalia kama runinga imeharibika, wifi akalala. Sisi tumemaliza tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo usituambie hatuna subira. Umetupa nini hiki? – Mama wa Watatu, Tanga

Shikamoo mama. Runinga yenu ni nzima. Mwongozaji, Peter Kosminsky, aliamua kwamba usiku wa miaka ya 1530 upigwe picha kwa mwanga wa wakati ule, yaani mishumaa. Kamera za siku hizi zinamudu kazi hiyo. Sebule zetu ndizo hazimudu, hasa tukitazama saa kumi alasiri na mapazia yako wazi. Waingereza wenyewe walilalamikia giza. Usiku wa kwanza walitazama watu karibu milioni 4, na juma lililofuata karibu milioni moja hawakurudi, kwa hiyo mume wako angekuwa London asingekosa wenzake. Tazameni usiku, mzime taa, mshushe mapazia. Mtaona nyuso zinachomoza moja moja, na mtaanza kujiuliza ni nani aliyesimama kwenye ile pembe isiyoonekana. Cromwell naye huingia kila chumba akijiuliza hivyo hivyo.

Sasa hayo maongezi. Nilipokuwa mdogo Pangani, baba alikuwa na baraza mbele ya nyumba, na mimi ndiye niliyepeleka kahawa. Ugomvi wa shamba au wa mirathi haukutajwa kabla ya kikombe cha pili. Watu walizungumza mvua, bei ya nazi, nani anaumwa. Mjomba wangu mmoja alikuwa hasemi kabisa, na kila aliyezungumza alikuwa akimtupia jicho yeye. Mark Rylance anamwigiza Cromwell kama mjomba yule. Wenzake wanapoongea, usiwatazame wao, mtazame yeye anavyosikiliza.

Nitakupa mfano mmoja ili usiseme nakupamba. Kardinali Wolsey, bwana wake Cromwell, anaanguka madarakani, kisha anakufa. Wakubwa wa ikulu wanamchezea igizo la dhihaka: vijana waliojivika ushetani wanamkamata kardinali wa bandia mikono na miguu, wanamburuta motoni, ukumbi unaangua kicheko. Cromwell anawaona wakivua vinyago. Hasemi kitu. Tukio ni fupi, na aliyekwenda jikoni kuongeza chai atalikosa. Miaka inapita. Mwaka 1536 Henry amemchoka mke wake Anne Boleyn, na yanatakiwa majina ya wanaume wa kutuhumiwa kwamba walilala na malkia. Cromwell anayo tayari. Wanaume watano waliuawa tarehe 17 Mei mwaka ule, Anne akafuata tarehe 19, hayo ni ya historia. Kuwaunganisha wanne kati yao na mashetani wa igizo lile ni ubunifu wa Hilary Mantel, mwenye riwaya ambazo tamthilia imezitumia, na mimi naona ni miongoni mwa mafundo makubwa kabisa niliyowahi kuona yakifungwa kwenye hadithi. Fundo la namna hiyo haliwezi kukaza kama miaka ile haikupita mbele ya macho yako.

Tamthilia ya Suleiman nayo haina haraka, jicho moja la mama mkwe linaweza kula dakika nzima. Lakini pale muziki unakugonga bega: hapa pana jambo. Wolf Hall inakuachia ujue mwenyewe. Na mkumbuke kwamba Suleiman alitawala kuanzia 1520 hadi 1566, na Henry 1509 hadi 1547, maana yake mmeshakaa ndani ya zama zile zile, katika jumba la upande wa pili tu.

Moja nakubaliana nanyi. Sehemu ya kwanza inawaonea watazamaji. Inaanzia 1529, inarudi nyuma, inakuja mbele, na Cromwell anafiwa na mke na mabinti wawili kabla hatujawazoea. Yule binti mdogo mwenye mbawa za manyoya ya tausi nilitaka nikae naye walau jioni moja zaidi. Wangetupa nafasi ya kumpenda kwanza.

Assalaam alaykum dada. Henry wa Nane ninayemjua mimi kwenye picha ni pande la mtu, kifua kama pipa. Huyu Damian Lewis mwembamba wamemtoa wapi? – Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam. Picha unayoikumbuka ni ya Henry wa baadaye. Alizaliwa Juni 1491, kwa hiyo 1529 alikuwa na miaka 38: mrefu, mpanda farasi, mcheza mikuki. Januari 1536 alianguka na farasi uwanjani na nusura afe. Baada ya hapo jeraha la mguu halikumwacha, michezo akaacha, mwili ukafura. Anguko hilo limo kwenye tamthilia, litazame vizuri, maana kila mtu pale anapiga hesabu ya nani atatawala mfalme asipoamka.

Thomas Cromwell, Thomas Wolsey, Thomas More, Thomas Cranmer, Thomas Howard, Thomas Boleyn. Dada, hawakuwa na majina mengine? – Mwalimu wa sekondari, Kisumu

Na umewasahau Thomas Wyatt na Thomas Wriothesley! Lamu unaweza kukuta akina Mohamed watatu kwenye sinia moja, na Uingereza ya wakati ule ndivyo ilivyokuwa kwa Thomas, kwa heshima ya Mtakatifu Thomas Becket, ambaye kaburi lake Canterbury liliwavuta mahujaji kwa zaidi ya miaka mia tatu. Henry na Cromwell walilibomoa mwaka 1538. Ushauri wangu: acha majina, wajue kwa kazi zao. Kardinali ni Wolsey, mtakatifu ni More, askofu mkuu ni Cranmer, mjomba mkali wa Anne ni Howard, baba yake Anne ni Boleyn, mshairi ni Wyatt. Anayesikiliza ni Cromwell.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista wa kigango. Mtakatifu Thomas More ni somo wa marehemu kaka yangu. Kwenye tamthilia hii anaonyeshwa mzee mkavu asiye na huruma, na Cromwell aliyefunga monasteri anafanywa mtu mwema. Nilizima sehemu ya nne. Huu si uonevu? – Katekista, Songea

Milele amina, Katekista, na Mungu amrehemu kaka yako. Hukuwa peke yako. Mwaka 2015 maaskofu wawili wa Kikatoliki wa Uingereza walisema hadharani kile ulichosema wewe.

Malalamiko yako yana msingi. More wa kweli aliwasomesha mabinti zake Kilatini na Kigiriki wakati wakubwa wengi hawakuona haja ya binti kusoma, na binti yake Margaret alikuwa mwanamke mwenye elimu kubwa. Alijulikana kwa ucheshi. Kwenye tamthilia ucheshi huo umegeuzwa ukavu, na sikuupenda uamuzi huo hata mara ya tatu ya kutazama. Ni kweli pia kwamba More alikana kwa maandishi kwamba aliwatesa watu nyumbani kwake, na tamthilia haikumpa nafasi ya kutosha ya kujitetea.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Alikuwa Chansela, yaani ofisa mkuu wa mfalme, kuanzia Oktoba 1529 hadi Mei 1532, na katika muda huo watu sita walichomwa moto kwa uzushi. Mmoja wao, James Bainham, alichomwa Aprili 1532, na More alihusika kwenye kesi yake. Aliamini adhabu hiyo ni haki, na aliandika hivyo. Kisha yeye mwenyewe akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535 kwa kukataa kiapo ambacho dhamiri yake haikukiruhusu, na Kanisa likamtangaza mtakatifu 1935. Yote hayo ni ya mtu mmoja.

Kuhusu Cromwell, nakuomba uwashe tena uanzie pale ulipoizima. Kumbuka kwamba kamera iko begani kwake, hakuna tunachokiona ambacho yeye hakioni, na mtu akijitazama mwenyewe hujiona mwema. Kufika sehemu ya sita utamkuta anamhoji kijana mpiga kinanda, Mark Smeaton, mmoja wa wale watano waliouawa, na utajua kama tamthilia inamtetea au haimtetei. Mimi jioni ile sikumaliza chakula changu. Na picha ya mwisho: Anne amekatwa kichwa, mfalme anamsubiri Cromwell kwa furaha, mikono wazi, anamkumbatia. Tazama uso wa Cromwell juu ya bega la mfalme. Miaka minne baadaye, tarehe 28 Julai 1540, mfalme huyo huyo alimkata kichwa, na siku hiyo hiyo akaoa mke mwingine.

Habari yako dada. Wenzangu chuoni wanasema hii ni tamthilia ya wazee wa Kiingereza wenye blanketi mapajani. Wewe Mswahili unapata nini humo? Na jambo moja linanikera: Kardinali Wolsey anafia njiani, halafu hadithi inasonga. Kaburi lake liko wapi? – Mwanafunzi, Nairobi

Maswali yako mawili kwangu ni moja, maana niliitazama tamthilia hii kwa mara ya kwanza mwendo mfupi kutoka pale alipofia.

Mwanzoni mwa 2015 nilikuwa nasoma Leicester, nimepanga chumba nyuma ya Belgrave Road. Mama aliyekaa chumba cha chini, Mhindi mwenye asili ya Gujarat, alinisikia naongea na nyumbani kwa simu, akaniita kwa Kiswahili. Alizaliwa Jinja. Tangu siku hiyo kila Jumatano saa tatu usiku nilishuka kwake, tukanywa chai ya maziwa yenye tangawizi na kutazama Wolf Hall. Kuna tukio la makabaila wawili, Norfolk (ndiye yule Howard, mjomba wa Anne) na Suffolk, wanaoingia nyumbani kwa kardinali kuchukua muhuri mkuu wa mfalme. Hakuna panga linalochomolewa. Wanaongea, vitu vinaanza kufungashwa, watumishi wanakaa kimya. Mama yule alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Alinieleza baadaye. Agosti 1972 Idi Amin alipotangaza kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90, baba yake alikuwa na duka. Walikaa kila usiku na redio imepunguzwa sauti. Wageni walikuja, wakazungumza bei ya sukari nusu saa nzima kabla ya kusema kilichowaleta. Kila mmoja aliuchunguza uso wa mwenzake: huyu amesikia nini, huyu anaondoka lini, huyu kanunuliwa. Walihesabu shuka na masufuria kwenye daftari. Mimi nilimwambia kwamba gazeti moja limeandika tamthilia hii ni ya polepole. Alishangaa kweli kweli. Alisema inakwenda mbio mno, kwamba yeye mwishoni mwa kila sehemu anahitaji kukaa kidogo kabla ya kulala. Tangu hapo sijaweza kuitazama kwa macho yangu ya zamani, na hicho ndicho ninachopata humo, mdogo wangu. Baba zetu na babu zetu nao waliwahi kukaa wakisubiri mtu mmoja wa mbali aamue nani abaki na nani aende.

Kaburi sasa. Wolsey alikamatwa karibu na York Novemba 1530, akawa anapelekwa London kujibu mashtaka ya uhaini. Njiani akaugua, akapokelewa na watawa wa abasia ya Leicester, akafa pale tarehe 29 Novemba, akazikwa pale pale. Leo eneo hilo ni bustani ya mji, Abbey Park, yenye mto Soar katikati. Machi 2015 Leicester ilifurika watu waliokuja kumzika upya Mfalme Richard wa Tatu, aliyefukuliwa 2012 chini ya maegesho ya magari. Foleni ya kuliona jeneza lake ilizunguka mitaa ya kanisa kuu. Siku hizo hizo mimi na mama wa Jinja tulikwenda Abbey Park, na hatukumkuta mtu isipokuwa kijana mmoja na mbwa wake. Pana misingi ya mawe iliyopangwa kwenye nyasi kuonyesha abasia ilivyokuwa, na bamba la jiwe lenye jina la Wolsey. Mama aliinama akauliza chini ya jiwe kuna mtu. Nikamwambia hakuna. Mifupa yake haijapatikana mpaka leo, bamba limewekwa kwa kumbukumbu tu.

Akauliza nani alibomoa kanisa lote hili. Nikamwambia abasia ilifungwa 1538, katika kazi ile ya kufunga monasteri za nchi nzima, na msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Thomas Cromwell, yule yule aliyemlilia kardinali. Akauliza kama Cromwell alijua bwana wake amelala humo. Alijua. Hesabu za mali ya kila abasia zilikuwa zimekusanywa kwa usimamizi wake, na kardinali alikofia alikujua kila mtu Uingereza. Kwa hiyo kaburi unaloliulizia halipo, na kama lipo, liko mahali fulani chini ya zile nyasi.