Umri wa shaba ya mishipa: usiutafute kwenye zirkoni

Ndugu, umeuliza kama umri wa zirkoni (chembe ngumu za madini zinazotumika kupima umri wa miamba) ulizotoa kwenye mwamba unaozunguka mishipa yako, yaani nyufa zilizojaa madini, unatosha kueleza shaba iliingia lini. Hautoshi. Mwamba huo ni wa mashapo, na zirkoni zake ziliundwa kwingine kabla ya kusombwa na maji. Zitakuonyesha tu kwamba mashapo hayawezi kuwa ya kale kuliko zirkoni changa kabisa. Mshipa ulikuja baadaye.

Tafuta molibdenaiti, madini ya molibdeni na salfa, ndani ya mshipa wenyewe: magamba laini ya kijivu yanayong'aa na kuchafua vidole. Yanapoundwa hubeba metali iitwayo reni, lakini karibu hayabebi nyingine iitwayo osmi. Reni-187, aina ya reni yenye mnururisho, hugeuka osmi-187 polepole mno, nusumaisha yake (muda wa nusu yake kugeuka) ni miaka bilioni 42 hivi, kwa hiyo osmi-187 utakayoipima karibu yote imezaliwa humohumo, na ukiilinganisha na reni unapata umri. Kule Kansanshi, Zambia, njia hii ilitoa miaka milioni 512 na 502 hivi, enzi mabara ya kale ya Kongo na Kalahari yalipogongana na kukunja miamba hadi Katanga. Mgodi mmoja, tarehe mbili! Kwa hiyo chukua sampuli kutoka zaidi ya mshipa mmoja.

Usipime kwa leza nukta moja moja, maana ndani ya gamba osmi huhama ikaachana na reni. Saga gamba zima. Lakini kwanza, tafadhali sana, hakikisha kwa hadubini kwamba molibdenaiti imekua pamoja na kalkopairiti, madini yenye shaba. Bila hivyo utakuwa umepima umri wa molibdenaiti, si wa shaba.