Siagi inapokatika sufuriani

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Tanga, mwaka wa tatu sasa nipo Houston. Ikifika Machi majirani huandaa sinia la kamba, kaa, mahindi na viazi, lote limelowa sosi nyekundu ya siagi ya Kikajuni, mapishi ya jimbo jirani la Louisiana. Nimeijaribu mara tatu. Nayeyusha siagi yote, ikichemka natia kitunguu saumu na viungo. Kila mara mafuta yanaelea, viungo vinazama, kitunguu saumu ni kichungu, na nikiwamwagia kamba, sosi yote inateremka chini ya sinia. Mwezi ujao nina wageni kumi. Nisaidie.
M., Houston

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekulia Tanga, kwa hiyo ugonjwa huu umeuona tangu utotoni jikoni kwa mama: sosi yako imekatika, kama tui zito lililoachwa lichemke bila mtu wa kulikoroga. Siagi si mafuta matupu. Kama asilimia 80 ni mafuta, kilichobaki ni maji na chembe za maziwa. Vikikaa pamoja huwa nzito na hushika unachokipaka. Vikichemka vinaachana, na hapo unamwagia kamba mafuta tu.

Nilipika miaka sita huko huko Houston, upande wa Bellaire, kwa mama mmoja Mvietinamu. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutoa siagi kwenye friji dakika ya mwisho, ikiwa ngumu.

Kwa wageni kumi chukua gramu 450 za siagi isiyo na chumvi, yaani vile vipande vinne vya pakiti ya Marekani. Toa vijiko vitatu vya mezani, iliyobaki ikate vipande vidogo uirudishe kwenye baridi. Ponda vichwa viwili vizima vya kitunguu saumu (yule mama alitia vitatu, na sikuwahi kuona vimezidi). Kilainishe kwenye vile vijiko vitatu kwa moto mdogo kabisa, dakika nne au tano. Kinukie, kisibadilike rangi. Ukiona kimeanza kuwa cha dhahabu umeshachelewa, kwa sababu kitaendelea kuiva hata nje ya moto. Kimwage uanze upya, usikionee huruma.

Sasa tia paprika vijiko viwili vya mezani, pilipili kayeni ya unga vijiko viwili vya chai, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, na thaimu na oregano kavu kidogo kidogo. Geuza kwa nusu dakika tu. Paprika huungua upesi kuliko bizari ya mchuzi, na nina hakika sehemu ya uchungu unaoulalamikia imetoka hapo, si kwenye kitunguu saumu peke yake. Mara moja tia upawa mmoja wa supu uliyochemshia kamba, kama mililita 120. Ikichemka, epua. Subiri mapovu yatulie, kisha tia siagi baridi vipande viwili vitatu kwa mara moja, ukikoroga bila kupumzika mpaka sosi iwe nzito kama tui la kwanza. Malizia kwa maji ya limau moja na kijiko cha chai cha sukari. Kuanzia hapo isichemke tena hata kidogo. Wageni wakichelewa, ikalishe juu ya sufuria ya maji ya moto.

Ikikukatikia bado inaokoka. Weka vijiko viwili vya supu ya moto kwenye sufuria nyingine, umiminie ile iliyokatika kidogo kidogo huku ukikoroga.

Chumvi onja mwisho, maana supu inayo na pakiti nyingi za viungo vya Kikajuni zinayo pia. Pilipili nayo ionje baada ya dakika kumi, kwa kuwa ukali wake hukolea taratibu ndani ya mafuta.

Na kamba wako chuja vizuri! Aliyelowa maji hashiki sosi. Mwache kwenye chujio dakika mbili, kisha usimmwagie: mtie kwenye beseni kubwa pamoja na sosi umgeuzegeuze. Ukitaka kuongeza soseji kwenye sinia, ile ya Kikajuni iitwayo andouille ni ya nguruwe. Kama wageni wako ni wa kwetu, tafuta ya ng'ombe iliyofukizwa moshi.

Majirani wakikwambia hii ni sosi ya Wakajuni, wamesema nusu. Wakajuni ni uzao wa Waakadia, walowezi wa Kifaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza Nova Scotia, Kanada, mwaka 1755, baadhi yao wakaishia Louisiana. Wao kwa desturi hutia viungo kwenye maji ya kuchemshia, basi. Waliogeuza mambo ni Wavietinamu waliofika pwani ya Texas na Louisiana baada ya 1975, wengi wakiwa wavuvi. Siagi na kitunguu saumu vya Houston ni mkono wao, na mimi napenda watajwe.

SWALI: Mama, hapa Naivasha wavuvi wanatuuzia krofishi, wale kama kamba wa ziwani wenye magando. Ndio hao hao wa Louisiana? Sosi kama hizi zinawafaa?
Msomaji, Naivasha

JIBU: Ndio hao hao, asili yao ni Louisiana. Waliingizwa ziwani humo mwaka 1970. Sosi hii inawafaa sana. Nunua walio hai tu, aliyekufa kabla ya sufuria mtupe. Waoshe mpaka maji yawe meupe, wachemshe dakika tatu hadi tano, zima moto, tia barafu kidogo, uwaache walowe ndani ya maji ya viungo kama dakika ishirini ndipo uwachuje na kuwapaka sosi. Kamba wa baharini usimloweke hivyo: dakika mbili tatu mtoe, la sivyo utatafuna raba.