Simu kuukuu kuwa mlinzi wa gari

SWALI: Hiace yangu niliyoigeuza mgahawa hulala uwanjani Nkuhungu. Nina simu kuukuu ya Android, kioo kimepasuka ila kamera ni nzima. Je, inaweza kunilindia gari? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Inaweza. Pakua Alfred, programu ya kugeuza simu kuwa kamera ya ulinzi, kwenye simu zote mbili, hiyo kuukuu na unayotumia, ingia kwa akaunti moja, ile kuukuu iwe kamera, kisha washa utambuzi wa mwendo. Usirushe video usiku kucha, utamaliza bando. Halafu, kwenye mipangilio ya simu kuukuu, iondoe programu hiyo kwenye kuokoa betri, la sivyo Android huizima kimyakimya nawe ukadhani kuko shwari.

Kazi ipo kwenye umeme. Kupitia adapta ya volti 12, simu yaweza kula nusu ampea. Saa 24 ni Ah (ampea-saa) 12. Betri ya gari ya Ah 50 ikikaa siku mbili imefika nusu, na Jumatatu mtasukuma gari. Afadhali betri ya pembeni na sola ya wati 50.

Usiiweke kwenye dashibodi: jua la Novemba hapa Dodoma huvimbisha betri ya simu. Ifiche kivulini nyuma ya kiti, ikitazama mlango. Ukiona mfuniko wa nyuma wa simu unaachana na fremu, itoe garini siku hiyohiyo. Gizani haioni kitu, kwa hiyo bandika ndani taa ndogo ya kihisi, inayowaka yenyewe mtu akisogea, mbali na dirisha.