Helmeti ya upau mmoja: ya lini, na mtoto aivae?

Kaka, umeuliza kuhusu helmeti ya futiboli ya Marekani uliyoinunua mnadani: ganda la plastiki, upau mmoja mbele ya mdomo. Ni ya mwaka gani, na kijana wako anaweza kuivaa mazoezini?

Asiivae. Plastiki ya zamani hukakamaa na kupasuka, na nyufa nyingine hazionekani kwa macho. Iweke kabatini, umtafutie mpya yenye muhuri wa NOCSAE, chombo cha viwango vya usalama wa vifaa vya michezo kilichoanzishwa mwaka 1969.

Kuhusu umri, ya ngozi siyo, kwa hiyo haiwezi kutangulia mwaka 1939, kampuni ya helmeti ya Riddell ilipotoa ganda la plastiki. Kinga za uso zilishika kasi baada ya mwaka 1953, Otto Graham, mchezaji wa timu ya Cleveland Browns, alipopasuliwa mdomo kwa kiwiko akarudi uwanjani na kipande cha plastiki angavu usoni. Kocha wake, Paul Brown, akasukuma upau uwe wa kawaida.

Lakini usiuamini upau peke yake. Mchezaji Joe Theismann alikuwa bado anauvaa mwaka 1985, na wapigaji wa mateke waliendelea nao hadi miaka ya 2000. Mimi ningetazama ndani kwanza: ukikuta mikanda iliyopishana inayoning'iniza kichwa mbali na ganda, huo ni mtindo wa zamani, ukikuta mifuko ya hewa au ya majimaji, ni ya miaka ya 1970 kuendelea. Tafuta pia chapa ya mtengenezaji, na usiipake rangi upya, maana utaifuta historia yake.