Jibu: Rangi zipo Minnesota wakati wa baridi, ila zina saa zake na mahali pake

Ndugu uliyeuliza, salaam. Umeandika kwamba ulihamia Minneapolis, hapa jimboni Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa Septemba ukitokea Morogoro, kwamba tangu majani yapukutike huoni ila kijivu, na unataka kujua sisi tuliotangulia tunapataje furaha nje ya nyumba hadi Aprili ifike. Nimekaa hapa misimu mingi ya baridi, nami nitakujibu kwa yale ninayoyafanya mwenyewe. Rangi hazikuondoka. Zimekuwa chache, na kila moja ina wakati wake, kwa hiyo anayetoka saa isiyofaa hurudi ndani akiamini kwamba hakuna kitu.

Nianze na jua, kwa kuwa ndilo linalotofautiana zaidi na la kwetu. Morogoro jua la adhuhuri hupanda juu sana mwaka mzima; hapa, mwishoni mwa Desemba, kilele chake ni kiasi cha nyuzi 22 tu juu ya upeo, na muda mfupi baada ya saa kumi na nusu alasiri huzama. Wengi huuhesabu ufupi huo kuwa hasara tupu. Lakini mwanga unaokuja kwa kulala hupita katika hewa nyingi zaidi, sehemu kubwa ya buluu yake ikatawanyika njiani, ndiyo maana theluji ya saa tisa alasiri huwa na rangi ya asali pale jua linapoigusa, ilhali ndani ya vivuli vya miti, ambavyo huangazwa na anga pekee, huwa ya samawati iliyokolea. Nenda kandokando ya Ziwa Harriet saa hiyo, usiende saa sita. Na asubuhi ya baridi kali yenye anga safi, tazama upande wa kulia na wa kushoto wa jua, bila kulikodolea jua lenyewe: mara nyingi utaona madoa mawili ya mwanga yenye wekundu upande unaolielekea jua. Hayo hutokana na vipande bapa vya barafu vyenye pembe sita, vinavyoelea hewani na kupinda mwanga. Joto likipanda hutayaona kwa urahisi namna hiyo, na mimi huyahesabu kuwa malipo ya haki kwa baridi ile.

Baada ya jua ni ndege. Kadinali dume ni mwekundu kutoka kishungi hadi mkia, na hahami wala habadilishi manyoya kuwa ya rangi iliyofifia msimu huu kama wafanyavyo wengine. Wekundu wake hutoka katika chakula, hasa matunda, na zamani alikuwa ndege wa kusini zaidi. Alienea kuja huku Minnesota katika karne ya 20, akisaidiwa pia na watu wanaowawekea ndege mbegu. Jike lake ni la hudhurungi lenye mdomo wa rangi ya machungwa, nami naliona zuri kuliko dume, ingawa wengi hawalisemi. Weka mbegu za alizeti karibu na kichaka au msonobari, maana hawapendi kula mahali pa wazi, kisha wasubiri alfajiri na magharibi, kwa sababu wao huwa miongoni mwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ikiwa mwenye nyumba haruhusu chombo cha kulishia, bustani za umma zinatosha. Utamwona pia blujei, ambaye ukiuokota unyoya wake na kuuweka dhidi ya mwanga, buluu hutoweka, kwa kuwa haimo katika wino wowote bali katika umbo la unyoya linalotawanya mwanga.

Kwa upande wa mimea, tafuta kichaka cha dogiwudi nyekundu, yaani Cornus sericea, kwenye mabwawa na kingo za mito. Majani yakishaanguka, matawi yake hugeuka rangi ya damu ya mzee, na machanga ndiyo yanayokolea kuliko yote, hasa kuelekea mwisho wa msimu. Wadakota na Waojibwe wametumia gome lake la ndani katika mchanganyiko wa kiko tangu zamani. Ipo pia holi ya hapa, kichaka kingine, inayopukutisha majani ikabaki na vitunda vyekundu tupu. Huzaa jike tu, na lazima dume liwe karibu, jambo la kukumbuka ukija kuwa na ua wako.

Siku ambayo mwili unadai kijani, panda basi uende bustani ya kioo ya Como, Saint Paul, iliyofunguliwa mwaka 1915. Hakuna kiingilio cha lazima, na chumba cha miti ya jamii ya mnazi kina unyevu ambao ngozi yako itautambua mara moja. Mwenye gari aende mji wa Monticello, ambako maji ya mto Mississippi hayagandi kwa sababu ya joto la mtambo wa umeme, na batamaji weupe wakubwa hukusanyika kwa mamia na zaidi. Ndege hao walikuwa wametoweka Minnesota katika karne ya 19 kwa kuwindwa, wakarudishwa kwa juhudi za makusudi kuanzia miaka ya 1960. Kelele zao peke yake zinastahili safari.

Kuhusu mavazi sitarefusha: tabaka kadhaa, sufu badala ya pamba karibu na mwili, na uso ufunikwe upepo unapovuma. Juu ya ziwa usitembee mpaka barafu mpya iliyo angavu ifikie unene wa sentimita 10, na ile nyeupe mara mbili ya hapo. Kama Jumamosi hii una nafasi, kuna dogiwudi nyingi kwenye vinamasi vya hapa mjini. Toka saa nane, ili ukiwa njiani kurudi uwakute kadinali wanakula.