Maswali yenu kuhusu 1631: Mombasa, Agra na kitone juani

Wiki mbili zilizopita, nikijibu swali kuhusu Fort Jesus, ngome ya Wareno ya Mombasa, niliponyokwa na sentensi moja: kwamba 1631 ulikuwa mwaka wa vituko, si Mombasa tu bali dunia nzima. Maswali yakamiminika. Leo najibu niliyoweza. Mombasa nimeipa nafasi kubwa, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Mwalimu, shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba Mreno alifukuzwa Mombasa na Waarabu wa Oman. Sasa huyu Yusuf bin Hasan uliyemtaja ametokea wapi? (Likoni)

Marahaba. Ulifundishwa sawa, ila ulirukishwa ukurasa. Waomani waliiteka ngome mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Yusuf aliwatangulia kuiteka kwa miaka 67.

Alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Malindi, ule uliohamishiwa Mombasa na Wareno baada ya wao kuuteka mji. Babake, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa kwa hila ya Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mtoto naye akapelekwa Goa, na hapo ndipo ninapotaka usome polepole: kijana alelewe katika mji ule ule kilikopelekwa kichwa cha babake, na waleaji wawe mapadri wa Mtakatifu Agostino. Wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, wakamfunza Kireno na mambo ya baharini. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa akiwa mfalme Mkristo, wakidhani wamepata mtu wao.

Hawakumpata. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa alimdharau waziwazi, na watu wake mwenyewe wakamwona kama mgeni aliyevaa kofia ya Kizungu. Kisha akaonekana usiku kwenye kaburi la babake akiomba Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni, na tetesi kwamba kapteni anapanga kumkamata na kumpeleka Goa akahukumiwe zikamfikia Yusuf. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kumwamkia kapteni, akamchoma kisu. Mji ukawaka moto, na Yusuf akarudia jina lake.

Mbona watu wanamwita shujaa ilhali aliua hata wanawake na watoto? (Voi)

Aliua, sitaficha. Kwanza waliuawa wanaume, kisha waliojificha katika nyumba ya watawa, kisha wanawake na watoto wao. Kanisa Katoliki linawataja kuwa mashahidi wa Mombasa, takriban 300 kwa hesabu yake, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika wenzetu waliobatizwa. Walitakiwa warudi katika Uislamu, wakakataa.

Lakini kumbuka pia simulizi hii imetufikia kwa njia gani. Sehemu kubwa ni ushahidi uliokusanywa Goa na Kanisa lenyewe ili kuthibitisha kwamba marehemu walikufa kwa ajili ya imani. Shahidi anayeulizwa "walikufaje?" hataeleza habari za kodi, matusi, wala kichwa cha babake mtu. Mimi Yusuf simwiti shujaa, wala simwiti shetani. Namwona mtu aliyefinyangwa na Wareno awe chombo chao, kikawakata mkono. Wewe ukimwita vingine, sitagombana nawe.

Kwa nini Wareno walikaa miezi mitano kabla ya kuja kulipiza? (Lamu)

Wewe wa Lamu ndiwe wa kunijibu mimi! Tazama pepo. Agosti ni demani, kusi imepoa, chombo kinachotoka Mombasa kinaweza kukimbilia India. Lakini kurudi? Kurudi ni kusubiri kaskazi, na kaskazi haivumi kabla ya Novemba, Desemba. Manowari za Francisco de Moura zilifika Mombasa Januari 1632, na kwa hesabu ya bahari hazikuchelewa hata kidogo.

Hazikufua dafu. Yusuf alikuwa na mizinga ya ngome iliyojengwa na Wareno wenyewe kuanzia 1593 kwa ramani ya Mtaliano Cairati, na ngome ile ilijengwa ili isitekwe. Machi wakaondoka. Mei, Yusuf akaona hawataacha kuja, akabomoa alichoweza, akapakia mizinga kwenye jahazi alizoziteka, akaondoka. Wareno waliporudi Agosti walikuta ngome tupu. Yeye akawa haramia, mara Bahari ya Shamu, mara Komoro na Madagaska, mpaka kifo chake mwaka 1638.

Wengine mmeuliza kama Mombasa iliasi peke yake. La. Mwaka huo huo Kapararidze, mfalme wa Mutapa aliyekuwa ameondolewa kitini na Wareno, aliwaamshia vita katika bonde la Zambezi, na hawakumzima mpaka 1632. Huko Brazili, Waholanzi waliichoma Olinda Novemba 1631. Ureno yenyewe wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Uhispania, aliyekuwa na vita vyake vingine Ulaya. Shuka lilikuwa fupi, na kila mtu alikuwa akilivuta upande wake.

Nimesoma mahali kwamba Taj Mahal ilijengwa 1631. Sahihi? (Dar es Salaam)

Si sahihi, lakini kosa lina sababu yake. Mwaka 1631 ni mwaka wa kifo. Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan wa India, alifariki 17 Juni mjini Burhanpur, kusini, alikofuatana na mumewe vitani. Alikuwa akijifungua mtoto wa kumi na nne. Alizikwa kwanza huko huko katika bustani kando ya mto, na Desemba mwili ukasafirishwa hadi Agra. Ujenzi wa Taj Mahal, ambayo ndiyo kaburi lake, ulianza huko mwaka uliofuata na uliendelea kwa takriban miaka ishirini.

Jambo wanalolisahau wapiga picha za harusi: wakati mfalme analia, Gujarat na Dekani zilikuwa katika njaa kuu ya 1630 hadi 1632. Watu walikufa barabarani kwa wingi usiohesabika.

Ulisema mtu aliiona sayari ikipita mbele ya jua. Inawezekana vipi bila kupofuka? (mwanafunzi, Morogoro)

Hakulitazama jua, mwanangu, na wewe usijaribu. Pierre Gassendi, padri na mwanafalsafa wa Paris, alifunga chumba kikawa giza, akapitisha mwanga wa jua kwenye darubini, akautua juu ya karatasi nyeupe. Kwenye karatasi akaona duara la jua. Tarehe 7 Novemba 1631 asubuhi, mawingu yakimzuia mara kwa mara, akaona kitone cheusi.

Kwanza hakuamini. Alikuwa akitarajia kitu kikubwa zaidi. Kile kidogo alikidhania doa la jua, kwani madoa hayo yalishajulikana. Lakini doa haliendi mbio namna ile. Ikawa ndiyo Utaridi, ambayo vitabu vya shule huiita Zebaki, na Gassendi akawa wa kwanza kuandika kwamba ameiona ikikatiza jua.

Aliyetabiri siku ile ni Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani. Alikuwa ametoa waraka miaka miwili kabla akiwaasa wenzake wakae tayari. Yeye mwenyewe hakuona: alifariki Novemba 1630, ikiwa imebaki takriban mwaka mmoja. Alitabiri pia kwamba Zuhura ingepita Desemba 1631. Hesabu ikatimia, lakini sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa usiku. Katika mambo yote ya mwaka huo, hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Sisi wa Goma tunajua volkano. Hiyo ya Italia ya 1631 ilikuwa kubwa kuliko yetu? (Goma)

Kwa vifo, ndiyo. Mlima Vesuvius, karibu na Napoli, ulilipuka 16 Desemba 1631 na kuua watu zaidi ya 3,000. Hatari yake ilikuwa ya namna nyingine pia. Mlima wenu wa Nyiragongo huwamwagia lava inayotiririka upesi, kama mlivyoona 2002 na 2021. Vesuvius ilishusha wingu la majivu na gesi ya moto, kisha mvua ikageuza majivu kuwa tope lililofukia vijiji. Nanyi hamjasahau kwamba mnaishi chini ya mlima, maana mwanga wake mnauona usiku. Wao mlima wao ulikuwa umelala kwa muda mrefu hata miti ikaota ndani ya kasoko na ng'ombe wakalishwa humo.

Mwaka uliofuata, mtawala wa Kihispania wa Napoli alisimamisha bamba la jiwe pale Portici, kwa Kilatini, linaloanza hivi: "Enyi wa baadaye, enyi wa baadaye, jambo hili ni lenu." Linaendelea kuwaambia watu wakimbie mapema. Bamba lipo, na mji umejengwa kulizunguka.

Je, ni kweli Waafrika nao waliwahi kuwachukua Wazungu utumwani mwaka huo? (Nakuru)

Ni kweli, na mkuu wa msafara wenyewe alikuwa Mzungu. Usiku wa 20 Juni 1631, majahazi kutoka Algeria yalivamia kijiji cha Baltimore, kusini-magharibi mwa Ireland, na kubeba watu zaidi ya 100, wanaume, wake na watoto, wakauzwa Algiers. Nahodha aliitwa Murat Reis. Kabla ya kusilimu alikuwa Jan Janszoon, mtoto wa Haarlem, Uholanzi. Waliorudi kwao wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Naona wengi hulitaja tukio hili ili kusema "basi wote tulikuwa sawa". Hatukuwa. Mwaka ule ule, meli zilikuwa zinatoka Luanda na shehena ya watu kwenda Amerika, na ziliendelea hivyo kwa zaidi ya karne mbili. Kisa cha Baltimore kinauma kama kilivyo. Hakihitaji kutumiwa kufunika kingine.

Tarehe zako zinanichanganya. Vita vya Breitenfeld vimeandikwa 7 Septemba mahali pamoja na 17 Septemba pengine. Ipi kweli? (Unguja)

Zote mbili. Papa Gregori alirekebisha kalenda mwaka 1582. Nchi za Kikatoliki zikafuata, nyingi za Kiprotestanti zikagoma. Kufikia 1631 tofauti ilikuwa siku kumi. Mfalme wa Uswidi, Gustavus Adolphus, alipomshinda jemadari wa Kikatoliki Tilly pale Breitenfeld, Ujerumani, jeshi lake lilikuwa linahesabu 7 Septemba na maadui wao 17. Uwanja mmoja, jua moja.

Uingereza ilizidisha: mwaka wake mpya ulianza 25 Machi. Mshairi John Donne, aliyefariki London tarehe 31 Machi 1631, alikufa mwaka ukiwa na juma moja tu. Na Mombasa? Yusuf alipoingia ngomeni, misikitini ilikuwa Muharram, 1041. Mkulima na baharia walikuwa na hesabu yao nyingine, ile ya Nairuzi, yaani mwaka wa jua, na miongo ya siku kumi kumi, ambayo ninyi wa Makunduchi bado mnaisherehekea. Siku ile moja ilikuwa na tarehe tatu.

Waliozaliwa 1631 ni nani na nani? (wengi)

Mshairi John Dryden, Agosti, Uingereza. Anne Conway, Desemba, London, mwanamke aliyesumbuliwa na kipandauso maisha yake yote na bado akaandika falsafa iliyomvutia Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani. Kitabu chake kilichapwa 1690, akiwa kaburini. Mary Stuart, Novemba, ambaye mwanawe William alikuja kuwa mfalme wa Uingereza.

Na Gauhara Begum, 17 Juni, Burhanpur. Ndiye mtoto wa kumi na nne. Aliishi mpaka 1706, na kila alipofikisha siku ya kuzaliwa ilikuwa pia siku ya kufa mamake.

Kuna chochote cha maana kwa sisi wa hesabu? (Arusha)

Kila unapoandika alama ya mara, ×, unaazima kwa William Oughtred, kitabu cha 1631. Alama za < na > zilitoka mwaka huo huo katika kitabu cha Thomas Harriot, aliyekuwa amekufa miaka kumi. Na ile vernia ya maabara inayokutoa jasho kwenye mtihani, Pierre Vernier aliieleza 1631 pia.

Nikija Mombasa, nitaona nini cha Yusuf? (Kigoma)

Ukifika kwenye lango la Fort Jesus, inua macho usome maandishi ya Kireno ya 1639. Yaliandikwa kumsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27. Yanahesabu aliyoyafanya: kuikarabati ngome, kubomoa kuta za Pate na Siyu, kuwaua wakubwa wa Pemba. Yanataja vyeo alivyopewa, na hata posho yake ya milreis 50 (fedha ya Kireno) kwa mwaka. Yusuf yumo humo pia, katika maneno mawili: "mfalme dhalimu". Jina halikuandikwa.