Maswali na majibu: vumbi la mbao katika karakana ya useremala ya nyumbani

Swali: Karakana yangu ina urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na dari ya mita 2.5. Ninunue kichujio cha hewa cha darini chenye uwezo gani?

Jibu: Hesabu ni nyepesi. Chumba chako kina mita 60 za ujazo, na mafundi wengi hutaka hewa yote ipite kwenye kichujio mara 6 hadi 10 kwa saa. Ukichagua mara 8, unahitaji kifaa cha mita 480 za ujazo kwa saa, na uongeze kidogo, kwa kuwa kichujio hupitisha hewa pungufu kadiri kinavyojaa vumbi. Hata hivyo swali hili huletwa hapa kila mara, na ni nadra muulizaji kueleza msumeno wake umeunganishwa na nini. Kichujio cha darini hukamata vumbi lililokwisha kupita mbele ya pua yako. Unapoinama kupiga msasa, vumbi hupanda kutoka kwenye ubao, hukufikia usoni, na ndipo huendelea na safari yake kwenda darini.

Fedha hizo zitangulie kwenye kuvuta vumbi palepale linapotoka, kwenye mashine. Mashine ya msasa ya mkononi huridhika na kivuta vumbi kidogo chenye nguvu na bomba jembamba, lakini randa ya umeme na msumeno wa meza huhitaji hewa nyingi kupitia bomba la milimita 100 au zaidi, fupi, lenye kona chache. Wapo wanaonunua kivuta vumbi kikubwa kisha wakalifinya bomba lake hadi milimita 35 ili liingie kwenye tundu la mashine, halafu wanalalamika kwamba kifaa ni dhaifu. Kumbuka pia kwamba msumeno wa meza hutupa vumbi juu ya meza pamoja na chini yake, kwa hiyo kuvuta chini peke yake, bila kinga ya juu yenye bomba lake, ni kufanya nusu ya kazi.

Swali: Nina kivuta vumbi chenye mfuko wa kitambaa na sakafu yangu ni safi kabisa. Je, bado nina sababu ya kuhofu?

Jibu: Unayo. Maranda ya sakafuni hayaingii mapafuni mwa mtu. Vumbi linalopita koo na kuelekea mapafuni ni hasa lile la chini ya mikrometa 10 (mikrometa ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na linalozama ndani kabisa ni la chini ya 5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikrometa 70 hivi. Mifuko mingi ya bei nafuu huzuia chembe za mikrometa 30 na kuendelea. Vumbi laini hupenya kitambaa na kurudi chumbani, ikimaanisha kwamba kifaa chako kinazoa takataka na kusambaza sumu. Ukitaka uhakika, zima taa za karakana, washa kivuta vumbi pekee, kisha mulika tochi kwa ubavu karibu na mfuko. Utaona vumbi likitoka kama moshi kwenye mishono na pale mfuko unapobanwa na mkanda.

Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha uamuzi wa kuliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hapa ni saratani ya pua na ya matundu ya hewa yanayoizunguka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kikomo cha vumbi la mbao ngumu kazini tangu 2023 ni miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 8. Katika chumba cha mita 60 za ujazo, hizo ni miligramu 120 zilizoenea chumba kizima.

Badilisha mfuko huo kwa kichujio cha mikunjo kinachozuia mikrometa 1 au chini yake, au kitoe kifaa nje ya ukuta ikiwa majirani hawataumia. Ukiitupa hewa nje, weka tundu la kuingiza hewa nyingine. Chumba kinachonyonywa bila kupumua kinaweza kuvuta kaboni monoksidi kutoka kwenye bomba la moshi la jiko au kipasha maji.

Swali: Ninatumia mbao za asili tu. Hizo hazina madhara, sivyo?

Jibu: Sivyo. Vumbi la mvule huwasha ngozi na huleta pumu, na la mwerezi mwekundu wa Amerika linajulikana kwa pumu ya mafundi.

Swali: Feni kubwa dirishani inatosha?

Jibu: Inasaidia, mradi hewa iingie upande wa pili wa chumba. Mlango ulio wazi kando ya feni huifanya hewa ikate njia fupi na kuliacha vumbi lako palepale. Simama hewa ikipita ubavuni mwako. Ikikupiga mgongoni, huzunguka mbele ya kifua na kukuletea vumbi usoni.

Swali: Ninavaa barakoa ya kitambaa. Inafaa?

Jibu: Haifai. Tumia barakoa ya kuchuja vumbi laini yenye alama ya FFP2 au N95, inayokaza usoni, na ndevu ziwe zimenyolewa mahali inapogusa ngozi. Usiivue mara tu mashine inapozimwa, kwa sababu vumbi laini huelea kwa saa kadhaa.

Swali: Je, kichujio changu kitaondoa harufu ya vanishi na thina?

Jibu: Hapana, na swali hili linanitia wasiwasi kuliko mengine yote. Kichujio cha vumbi hukamata chembe. Mvuke hukipita kana kwamba hakipo. Kibaya zaidi, mota ya feni ya kawaida inaweza kutoa cheche, na mvuke wa thina hushika moto kwa urahisi. Paka vanishi mahali penye hewa ya nje, zima kila kinachoweza kutoa cheche, na vaa barakoa yenye katriji za mvuke. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe, kwani hujipasha joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje, kimoja kimoja, hadi vikauke vikakamae.

Swali: Nisafishe kichujio kwa hewa ya kompresa?

Jibu: Ndani ya karakana, kamwe: utarudisha kwa dakika moja vumbi ulilolikusanya kwa mwezi. Kitoe nje, vaa barakoa, pulizia kwa mgandamizo mdogo kutoka upande ulio safi, kisha kielekeze kwenye jua. Ukiona mwanga unapenya tunduni, kitupe.